Kanuni Zilizofichika: Ubora wa Vitabu vya Maelekezo ya Michezo ya Vita ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Matini za fasihi, za habari na za sheria zimechambuliwa sana na wanaisimu. Matini za maelekezo, ambazo watu wengi huzisoma kwa haja ya kutenda jambo, aghalabu huachwa kando. Makala haya yanachunguza aina moja ya matini hizo, yaani kitabu cha maelekezo kinachoambatana na mchezo wa mkakati wa vita unaochezwa kwa kompyuta. Hoja yetu ni kwamba ubora wa kitabu cha namna hii haupimwi kwa wingi wa kurasa wala kwa uzuri wa picha. Hupimwa kwa jinsi kinavyomwezesha msomaji kutabiri matokeo ya uamuzi wake, na hivyo kuihoji dhana ya vita iliyojengwa ndani ya mchezo.

2.0 Kutoka Ubaoni hadi Kompyutani

Kanuni za michezo ya vita ziliandikwa zamani kabla ya kompyuta. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo uliochezwa juu ya ramani kwa dadu na majedwali, chini ya usimamizi wa mwamuzi. Baada ya muda kanuni hizo zilionekana kuwa nzito mno. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, naye afisa wa Prussia, alipendekeza kwamba sehemu kubwa ya majedwali iachwe, na mwamuzi ategemee ujuzi wake. Ni dhahiri, basi, kwamba lawama dhidi ya kitabu kizito si jambo geni.

Huko Marekani, Charles S. Roberts alitoa mchezo wa ubao uitwao Tactics mwaka 1954, kisha akaanzisha kampuni ya Avalon Hill mwaka 1958. Katika miaka ya 1970 kampuni ya SPI ilipanga kanuni zake kwa nambari, mathalani 5.0, 5.1 na 5.11, mfano wa vifungu vya sheria, ili mchezaji aweze kukirejea kifungu anachokihitaji bila kusoma kitabu kizima.

John Searle, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alitofautisha kanuni zinazoongoza tendo ambalo lingekuwapo hata bila kanuni hizo, na kanuni zinazoliunda tendo lenyewe. Kanuni za mchezo wa ubao ni za aina ya pili. Mchezaji mwenyewe ndiye anayehesabu nguvu za vikosi, anayerusha dadu na anayesoma jedwali. Kitabu kikiwa na kasoro, mchezo hukwama.

Kompyuta imeigeuza hali hiyo. Kanuni zingalipo, lakini anayezitekeleza ni programu, tena kwa siri. Mchezo unaweza kuendelea hata kama mchezaji hajui kwa nini ameshindwa. Katika bao, kete zote ziko mbele ya macho ya wachezaji. Katika mchezo wa kompyuta, hesabu imefungiwa ndani. Ndipo mwandishi wa kitabu anapopata kishawishi cha kueleza vitufe tu. Sentensi kama “Bonyeza kitufe cha shambulio ili kushambulia” haina kosa la kisarufi, lakini haimpi msomaji jambo ambalo kitufe chenyewe hakijamwambia.

3.0 Vigezo vya Kupima Ubora

H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kaida nne za ushirikiano katika mazungumzo. Twaweza kuzitumia kama vigezo.

(a) Kiasi. Msomaji apewe habari zinazotosha. Akiambiwa kwamba kinamasi “huathiri” mashambulizi, hajaambiwa kitu. Ni lazima ajue kinamnufaisha nani, na kwa kadiri gani.

(b) Ukweli. Programu hurekebishwa mara kwa mara baada ya kutolewa, ilhali maneno yaliyochapishwa hayabadiliki. Kitabu kilichokuwa sahihi siku ya kwanza chaweza kuwa cha uongo baada ya mwaka mmoja, endapo hakitafuatiwa na masahihisho.

(c) Uhusiano. Yaelezwe yanayohitajiwa na msomaji, si yanayomfaa mchapishaji peke yake. Mchezo wa Civilization wa mwaka 1991, kwa mfano, ulimwuliza mchezaji maswali ambayo majibu yake yalipatikana kitabuni, kusudi kuzuia nakala za wizi. Hapo kitabu kilitumika pia kama ufunguo wa mlango.

(d) Namna. Istilahi moja itumike kwa dhana moja. Kinachoitwa “kikosi” katika ukurasa mmoja kikiitwa “kundi” katika ukurasa mwingine, msomaji ana haki ya kudhani kwamba ni vitu viwili. Katika insha, kubadilisha maneno ni pambo. Katika maelekezo, ni mtego.

4.0 Mfano Mmoja

Mchezo wa Gary Grigsby's War in the East, uliotolewa mwaka 2010, unahusu vita kati ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti kuanzia mwaka 1941 hadi 1945. Kila zamu ni juma moja. Kitabu chake kina kurasa zaidi ya 300, na vifungu vyake vimepangwa kwa nambari. Wako watakaosema kwamba urefu huo ni kasoro. Lakini tuangalie kanuni moja. Uwiano wa nguvu baada ya mapigano ukifika 2 kwa 1, mlinzi hulazimika kurudi nyuma. Katika toleo la awali, jeshi la Kisovieti lilipewa nafuu: uwiano wake uliofika 1 kwa 1 ulihesabiwa kuwa 2 kwa 1.

Nafuu hiyo si hesabu tu. Ni dai la kihistoria kuhusu uwezo wa jeshi lile. Kwa kuwa ilijulikana waziwazi, wachezaji waliijadili kwa ukali, na baadaye ikarekebishwa. Kama ingefichwa, mchezaji angeona tu Wajerumani wakirudi nyuma, akaamini kwamba ndivyo historia ilivyokuwa.

5.0 Hitimisho

Siku hizi michezo mingi huuzwa bila kitabu kilichochapishwa, na mafunzo hutolewa ndani ya mchezo wenyewe. Mafunzo hayo humwonyesha mchezaji hatua za kufuata, lakini ni nadra kumweleza sababu zake. Kuiga hatua si sawa na kuelewa kanuni. Mchezo wa vita hudai kuonyesha jinsi majeshi yalivyoshinda na kushindwa, na dai lolote la namna hiyo lastahili kuhojiwa. Kitabu cha maelekezo kilicho bora ndicho kinachompa msomaji uwezo wa kulihoji. Kwa hiyo uandishi wake usihesabiwe kuwa kazi ya mwisho, ya kufanywa kwa haraka wakati programu imekwisha kukamilika.