Mwanafunzi wa uanahabari aanzie Ndithini

Zamu ya mafunzo ya nyanjani ikiwadia, wanafunzi wetu wa uanahabari huandika barua ile ile na kuipeleka katika majumba yale yale machache ya Nairobi. Hata kijana aliyezaliwa Ndithini, katika eneo bunge la Masinga, hafikirii kwingineko. Akibahatika kupokewa, hulipa kodi ya chumba na nauli ya matatu kwa miezi mitatu bila ujira, huku akiketi nyuma ya waajiriwa ambao wenyewe wanahofia kupunguzwa. Asipopokewa, hutafuta muhuri wa ofisi yoyote ile ili chuo kiridhike.

Kijana huyo angepata mafunzo bora zaidi kwao. Sina ugomvi na Nairobi. Nasema hivi kwa sababu ya lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu, na ndiyo chombo cha kwanza cha mwanahabari kabla ya kinasasauti na kamera.

Tuchukue makadirio ya bajeti ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka yafikishwe mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 nacho chalitaka bunge hilo lifanye shughuli zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Lakini stakabadhi zenyewe huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mkulima wa Ndithini aweza kukaa mkutanoni mchana kutwa, akatia sahihi ya kuhudhuria, na akarudi nyumbani asijue kama kisima cha kijiji chake kimetengewa fedha au kimeachwa. Habari iko hapo, na mara nyingi mwandishi hayupo.

Tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, redio za lugha za mama zimeongezeka, na Wakamba wana Musyi FM na Mbaitu FM. Studio iwe wapi, idhaa za namna hii zinahitaji mtu wa mashinani awezaye kuyageuza makadirio hayo yakawa Kikamba cha kueleweka. Si kazi nyepesi. Kikamba kina irabu saba na Kiswahili tano. Anayeandika taarifa bila alama juu ya i na u, kama tuandikavyo katika simu, humkwaza msomaji akiwa hewani.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Wanafunzi wetu hupenda kuandika kwamba mbunge “aliweza kuwahutubia” wananchi, kana kwamba alikuwa mgonjwa akapata nafuu. Aliwahutubia, basi! Neno “inadaiwa” ndilo la hatari zaidi. Ukiandika kwamba kaunti inadaiwa, je, ina deni au imeshutumiwa? Mhariri wa mjini aliyebanwa na saa hulirekebisha kosa kimyakimya, na mwanafunzi hajui kwamba alikosea. Mkulima aliyesikia habari yake vibaya atamsimamisha sokoni na kumuuliza.

Asiyependa redio na abishe hodi katika afisi ya Shirika la Habari la Kenya mjini Machakos. Shirika hilo ni la serikali, na mwanafunzi hana budi kulikumbuka hilo anapopima nani amehojiwa na nani ameachwa. Hata hivyo, habari za mifugo, maji na shule ambazo magazeti makubwa huzipita ndizo riziki yake ya kila siku.

Mwenye likizo kati ya Mei na Agosti aandike barua yake mnamo Februari, kabla vikao vya bajeti havijaanza. Aombe msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina. Kila habari yake itakayotumika aiweke katika faili pamoja na rasimu ya kwanza, ikiwa bado na alama za kalamu ya mhariri, maana siku ya mahojiano ya kazi hiyo rasimu ndiyo nitakayoomba kuiona mimi.