Kioo Safi ni Jicho la Mlinzi

Kiangazi kinapoingia mwezi Juni, vumbi jekundu hutanda juu ya vioo vya majengo ya Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, na vya magari yashikayo njia ya Muyinga kwenda mpakani Kobero. Kwa raia, kioo kichafu ni aibu ya nyumba. Kwa askari ni hatari. Usiku, taa za gari lijalo zikimulika kioo chenye utando, dereva hupofuka kwa nukta chache, nazo zatosha kumgonga mpita njia.

Askari wengi huosha kioo kwa bidii, kisha hustaajabu kuona mabaka meupe. Kosa si la mkono, bali la maji. Maji ya bomba na ya chemchemi hubeba madini yaliyoyeyuka, kama vile chokaa. Tone likikauka, maji huruka hewani, madini hubaki. Madereva wa jeshi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: betri ya gari huongezwa maji yaliyotakaswa, kwani madini huiharibu.

Huko Ulaya, waosha madirisha hutumia maji ya namna hiyo. Huyapitisha katika vichujio hata yakabaki karibu bila madini, kisha huyapandisha kwa mpira hadi kwenye brashi iliyofungwa katika mti mrefu. Mwoshaji husimama chini, na kioo hukauka chenyewe bila kufutwa. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 ziliagiza kwamba kazi za juu ziepukwe kila iwezekanapo. Ndipo njia hii ilipozidi kupendwa, maana huepusha ajali za ngazi.

Mitambo hiyo ni ghali, lakini mvua ni ya wote. Maji yake yametakaswa na jua lililoyapandisha kama mvuke, hivyo madini yake ni machache mno. Paa la bati la mita 50 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, laweza kutoa hadi lita 500. Manyunyu ya mwanzo yaachwe yaoshe bati. Ndipo maji yakingwe katika pipa safi lenye kifuniko. Pipa lililojazwa mwezi Mei litangoja vumbi la Juni.

Kioo kikavu kisisuguliwe, maana chembe za mchanga hukikwaruza. Kwanza kimwagiwe maji ya kawaida, kioshwe kwa sabuni kidogo kuanzia juu, kisuuzwe. Mwisho kimiminiwe maji ya mvua na kuachwa.

Mwenye shaka na adondoshe tone la bomba na tone la mvua juu ya kioo kimoja, angoje yakauke. Hapo kioo chenyewe kitatoa ushahidi. Tukilinda nchi kwa macho, hatuna budi kuyalinda na yale tunayoyatazamia.