Waborana wa Ethiopia: Maji kwa Zamu, Uongozi kwa Zamu

Ethiopia ni nchi ya milima. Nyanda za juu zimejaa katikati na kaskazini, Bonde la Ufa limezipasua kuelekea kusini-magharibi, na mto Abay, yaani Nili ya Buluu, hubeba udongo wake kuelekea Sudan. Eneo lake linazidi kilometa za mraba milioni moja, na watu wake wamepita milioni mia moja. Barani Afrika ni Nigeria peke yake inayoizidi kwa wingi wa watu. Wanaosimulia utawala wa nchi hii huanza na wafalme wa Aksum, wakaja kwa Menelik II aliyewashinda Waitalia pale Adwa mwaka 1896, wakapita kwa Haile Selassie aliyepinduliwa mwaka 1974 na kwa wanajeshi walioondoka mwaka 1991, hadi katiba ya shirikisho ya mwaka 1995. Hiyo ndiyo historia ya ikulu. Lakini kusini kabisa, milima inapoporomoka kuelekea mpaka wa Kenya, wapo watu ambao kwa karne nyingi wamejitawala bila mfalme, bila jeshi la kudumu na bila gereza. Hao ni Waborana.

Waborana ni tawi la Waoromo, kabila lenye watu wengi kuliko yote nchini Ethiopia. Mji wao mkuu siku hizi ni Yabelo, katika jimbo la Oromia, na malisho yao ya asili ni nyika za Dirre na Liben. Mkataba wa mwaka 1907 baina ya Menelik na Waingereza uliwagawa, ndiyo maana ndugu wa ukoo mmoja wako pia Moyale ya Kenya, Marsabit na Isiolo. Nchi yao ina udongo mwekundu, migunga na vichuguu virefu vya mchwa. Mvua kubwa, iitwayo ganna, hunyesha Machi hadi Mei. Ile ndogo, hagaya, huja kati ya Septemba na Novemba. Ikikosekana moja, ng'ombe hukonda. Zikikosekana mbili, hufa. Katikati ya Dirre hakuna mto wa kudumu, na mfugaji asiyekuwa na mto hana budi kuchimba.

Wakachimba. Visima vyao vikuu huitwa tula, na Waborana huvihesabu tisa; miongoni mwavyo ni vya Dubluk, Web na Dhas. Vingine huzama kwenye mwamba hadi mita 30. Wakati wa kiangazi vijana husimama mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi za magogo, wakipokezana ndoo kutoka chini kabisa hadi kwenye hori la udongo ambako ng'ombe wanangoja. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi, leo nyingi ni za plastiki. Wanaimba huku wakipandisha, na wimbo ndio unaowapa mwendo, kwani mmoja akichelewa, mlolongo mzima unasimama. Ndiyo maana wageni wengi wameviita visima vinavyoimba.

Kila kisima kina ukoo wake, na msimamizi wa haki ya ukoo huo ni Abba Konfi. Hata hivyo, kumiliki kisima hakumpi mtu ruhusa ya kumnyima mwenzake maji. Anayepanga nani anywe lini ni Abba Herega, mkuu wa zamu. Yeye hujua mifugo ya nani imekunywa jana, ya nani imetoka mbali, na nani alileta vijana wa kuteka. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hunywa kila siku ya tatu, na siku hiyo haihamishwi kwa sababu mtu ni tajiri. Maji ya tula hayauzwi. Anayeruka zamu au kuleta fujo kisimani hushitakiwa mbele ya wazee na kutozwa faini ya mifugo.

Nimeanza na visima kwa sababu Mborana hujifunza utawala pale kisimani kabla hajaenda kwenye mkutano wowote. Mtoto anayekua akiona tajiri mwenye ng'ombe mia akingoja nyuma ya maskini mwenye ng'ombe wanne, hashangai akiambiwa kwamba na uongozi nao una zamu.

Mfumo huo wa uongozi ni Gadaa. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2016, lakini ulimwengu wa wasomi ulianza kuufahamu vizuri kupitia kwa Asmarom Legesse, mwanaanthropolojia wa Eritrea, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Gadaa mwaka 1973. Maisha ya mwanamume yamepangwa katika ngazi, nyingi zikiwa za miaka minane. Mtoto wa ngazi ya kwanza, dabballe, hufuga nywele ndefu kama za msichana. Hapigwi, na mama yake huendewa na watu wanaotaka baraka. Anapokuwa gamme huchunga mifugo na kuanza kusikiliza historia. Baadaye huja ngazi za vijana na za wapiganaji, na humo viongozi wajao huchaguliwa na kuanza kufunzwa kazi miaka kadhaa kabla ya kuishika. Kisha kundi lao huingia Gadaa yenyewe na kutawala kwa miaka minane. Likitoka, huwa yuba, wazee washauri, na mwishoni gadamojji, ambao kazi yao ni ibada na dua.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Gadaa haifanani moja kwa moja na marika ya Wamasai, ambayo hukusanya vijana wa umri mmoja. Mborana huingia ngazi kwa kufuata ya baba yake, na baina ya baba na mwana kuna ngazi tano, yaani miaka 40. Matokeo yake ni makubwa: hakuna mwana anayeweza kupokea kiti kutoka mkononi mwa baba yake. Goba Bule alikuwa Abba Gadaa, yaani kiongozi mkuu wa Gadaa, kuanzia mwaka 1968 hadi 1976. Mwanawe, Guyo Goba, alishika nafasi hiyo mwaka 2009, baada ya viongozi wengine wanne kupita katikati, na alifika hapo kwa kuchaguliwa. Mwaka 2017 akamkabidhi Kura Jarso, naye Kura Jarso akakabidhi mwaka 2025. Makabidhiano hayo huitwa baallii, na alama yake ni unyoya wa mbuni. Haile Selassie alikuja na kuondoka, wanajeshi wakaja na kuondoka, bado zamu za Waborana zikaendelea kupokezana. Orodha ya Abba Gadaa ambayo wazee huikariri kwa kichwa ina majina zaidi ya sabini, na kwa majina hayo wao huhesabu miaka: ukame fulani ulikuwa zama za fulani, vita fulani zama za fulani.

Abba Gadaa hakai jumbani. Kijiji chake huhama kutoka mahali hadi mahali, naye akifanya ibada zilizowekwa na kusikiliza mashauri ambayo wazee wa koo wameshindwa kuyamaliza. Wala hatawali peke yake. Waborana wamegawanyika nusu mbili, Sabbo na Gona. Mtu huoa kutoka nusu nyingine, na viti vya baraza hugawanywa baina ya pande hizo. Uchaguzi husimamiwa na Qallu, viongozi wa dini wa kurithi, ambao wenyewe hawaruhusiwi kugombea. Anayesimamia hagombei, na anayegombea hasimamii.

Juu ya wote hao kuna Gumi Gayo. Kila baada ya miaka minane, katikati ya muhula wa Abba Gadaa, Waborana kutoka pande zote, hata wa Kenya, hukusanyika penye visima vya Gayo. Hapo sheria hupitiwa moja moja, mpya hutangazwa, na viongozi huulizwa walichofanya. Mkutano huo una uwezo wa kumvua madaraka Abba Gadaa mwenyewe. Huanza kwa dua ndefu, na anayezungumza kwa hasira au kwa kejeli hukatizwa na kuambiwa atulie. Neno linalorudiwa tena na tena ni nagaa, amani. Mborana akikutana na mwenzake njiani humuuliza kama watu wana amani, ng'ombe wana amani, malisho yana amani. Kwake amani ina kazi ya kufanya: pasipo amani mvua hunyeshea malisho ambayo hakuna anayethubutu kuyakaribia.

Amani hiyo hutunzwa nyumbani kwa buni. Buni nzima, pamoja na maganda yake, hukaangwa kwenye samli mpaka zinapasuka. Wenyewe husema wanazichinja, na tendo hilo lina heshima ya kafara. Mzee hubariki, waliokaa huitikia, kisha buni hutafunwa na samli yake hupakwa kichwani. Amani hutunzwa pia kwa utaratibu uitwao busa gonofa. Aliyepoteza mifugo yake kwa ukame au kwa wezi hupeleka habari kwa ukoo, ukoo huketi, na kila mwenye uwezo hutoa ng'ombe ili mwenzao aanze upya. Hapewi kama ombaomba. Anapokea zamu yake ya kusaidiwa, akijua kesho atatakiwa kutoa.

Kasoro kubwa zaidi ya Gadaa ni nafasi ya wanawake, nami sioni sababu ya kuificha. Ngazi za Gadaa ni za wanaume. Mwanamke wa Kiborana ndiye mjenzi na mwenye nyumba, na maziwa yako mikononi mwake: ndiye anayeamua yanywewe kiasi gani, yauzwe kiasi gani, na ndiye anayesuka vyombo vyake kwa nyuzi za mimea na kuvifukiza moshi yasiharibike. Haki hizo ni za maana, lakini hazitoshi. Mfumo unaojisifu kwa kugawa zamu unaweza kuwagawia na wao, na kwa kuwa Gumi Gayo ina uwezo wa kubadili sheria, mlango wa kufanya hivyo uko wazi.

Yako pia mashaka yanayotoka nje. Malisho yanazungushiwa uzio na kulimwa. Mpaka wa majimbo ya Oromia na Somali umezaa ugomvi juu ya visima. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na familia zilizokuwa na zizi zima zikaishia kwenye kambi za msaada, hata hapo Dubluk. Ukoo mzima ukifilisika kwa pamoja, busa gonofa haina wa kumchangisha. Hapo ni wajibu wa serikali kuingia, na njia bora ya kuingia ni kupitia wazee wanaojua zamu. Kaskazini mwa Kenya jambo hilo limewahi kufanyika: mwaka 2009 Waborana na majirani zao Wagabra, baada ya miaka ya kuuana, walifikia mapatano ya Maikona na Walda yaliyojengwa juu ya sheria zao wenyewe za fidia na faini, huku maafisa wa serikali wakiyatambua.

Waafrika tumezoea kuambiwa kwamba ukomo wa madaraka tuliletewa pamoja na sanduku la kura, na watawala wetu wanaobadili katiba ili wabaki hujitetea kwa kusema kwamba kwa mila zetu chifu hufia kitini. Waborana wanawakanusha. Wameweka miaka minane, wameiheshimu kwa karne nyingi, na anayetoka madarakani hubaki na heshima yake na kazi yake ya kushauri. Sisi tunaopenda kusema cheo ni dhamana tunayo mengi ya kujifunza kwao. Walimu wa uraia wa Dodoma, Nairobi na Kampala waifundishe Gadaa pamoja na Athene na Westminster, na kila kiongozi anayetafuta muhula wa ziada aulizwe swali ambalo Abba Herega humuuliza anayerudi kisimani kabla ya wakati wake: zamu yako si imekwisha?