Zabuni na Akili ya Mashine

Zamani karani wa manunuzi alikesha na taipureta akinakili masharti ya zabuni ya mwaka uliopita. Siku hizi anaiagiza akili mnemba, na kabla chai yake haijapoa kurasa 40 ziko mbele yake, zimenyooka kwa lugha na kwa mpangilio. Si jambo la kubezwa. Fundi wa majahazi wa Mkokotoni, mjuzi wa mbao na misumari lakini si wa Kiingereza cha zabuni, naye aweza sasa kuyajibu masharti sawa na kampuni yenye mawakili wake. Hilo tunaliunga mkono bila ya kusita.

Lakini tuchukue mfano wa boti ya kuvushia wagonjwa wa Kojani. Mashine itaandika urefu wa chombo, nguvu za injini na idadi ya maboya. Haitauliza habari za bamvua, wakati ambapo maji ya visiwa vyetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na chombo chenye mkuku mrefu huweza kulala ubavu matopeni na mgonjwa akiwa ndani. Mfanyabiashara naye ataipa mashine yake masharti yale yale, nayo itayajibu moja baada ya jingine: tunakubali, tunatimiza. Karatasi zitapatana, na pengine hapana binadamu aliyezisoma. Sisi tuliopitia chuoni twamjua mtoto awezaye kusoma juzuu nzima kwa ghibu asielewe neno moja. Mwalimu hakumpa kazi ya kufasiri.

Huko Albania, Septemba 2025, Waziri Mkuu Edi Rama alimtangaza "waziri" asiye mtu, jina lake Diella, asimamie zabuni za umma ili rushwa ikome. Shabaha ni njema. Ila mashine haisimamishwi kizimbani. Kwetu Zanzibar, Sheria Namba 11 ya mwaka 2016 ilikabidhi kazi hii kwa maafisa na bodi za zabuni, watu wenye majina na saini.

Basi watendaji wetu wasiyatie makadirio ya bei ya Serikali, wala bei za washindani, katika mashine za kigeni ambazo hatujui nani mwingine anazichungulia. Na kwa boti kama hiyo ya Kojani, afisa asitie saini kabla hajafika pwani yenyewe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, na manahodha wa huko wawe wameulizwa kwanza.