Kifundo kikiteguka, si lazima utiwe chuma

UMESHUKA mbio kutoka kwa matatu pale Ruiru, mguu ukakanyaga ukingo wa lami na kupinda. Jioni kifundo kimefura. Jirani anashauri ukandwe kwa maji moto. Msomaji, ngoja kwanza!

Jiulize: je, unaweza kutembea hatua nne? Ukibonyeza mfupa uliotokeza kila upande wa kifundo, hasa nyuma yake, unauma? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga kipimo hiki mwaka wa 1992. Ukishindwa kutembea, au mfupa ukiuma, nenda hospitali ya Ruiru au Thika Level 5 ukachunguzwe kama umevunjika.

Kama ni kano za nje tu zilizovutika, wengi hupona bila kisu. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, inua mguu, funga bendeji, kisha anza mazoezi polepole.

Ila kuna wanaohitaji upasuaji. Kwanza ni wale ambao kifundo huendelea kuteguka hata baada ya mazoezi ya miezi kadhaa. Daktari hutoboa mfupa, akatia nanga ndogo yenye uzi, na kushonea kano mahali pake.

Pili ni wale waliokatika kano za juu ya kifundo, zinazoshikanisha muundi na mfupa mwembamba ulio kando yake, hata mifupa ikaachana. Hao hutiwa skurubu, au uzi imara wenye vifungo viwili vya chuma, kimoja kila upande.

Skurubu hushika kwa nguvu, lakini huweza kulegea au kuvunjika unapoanza kutembea, na pengine ukahitaji upasuaji wa pili kuitoa. Uzi huruhusu mifupa kusogea kidogo na kwa kawaida huachwa humo, ingawa bei yake huwa juu zaidi.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: ni kifaa gani? Kitatolewa? Nitakanyaga lini? Uliza pia kama bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia kifaa chenyewe au upasuaji pekee.

Baada ya hapo usikimbilie kutupa magongo. Ukikanyaga kabla ya wakati, utaharibu kazi ya daktari na kupoteza pesa zako.