Nyumba za Zamani: Uzuri Wake na Paa Lake

Ukipita Kasongo ao ukienda Kalima, macho yako yatakamatwa na nyumba za wakati wa Wabeleji: matofali ya kuchoma, paa la juu, barza pana mbele. Vijana wanasimama pale kupigwa picha. Wengi wanauliza: mbona hizi zinashinda zetu za juzi?

Sababu si uchawi. Ukuta mnene unachelewa kupata joto. Paa la juu linaacha hewa ya moto ipande. Barza inakinga ukuta na jua na mvua. Na barza haikuletwa na Mbeleji. Waswahili walikuwa nayo zamani. Dhanis na askari wake walipoingia Kasongo tarehe 22 mwezi wa 4, 1893, walikuta mji mkubwa wenye nyumba nzuri. Leo mahali pale panaitwa Tongoni. Tongo ni mahali palipohamwa, pakabaki majani. Jina hilo ni onyo.

Huku kwetu migodini, kampuni ya Wabeleji ilichimba dhahabu ya Namoya, katika Kabambare. Symétain, iliyozaliwa 1932, ilichimba kasiteriti ya Kalima. Makampuni hayo yalijenga kwa daraja: bwana mkubwa na bustani yake, mfanyakazi na chumba chake kambini. Matofali yalifinyangwa, yakachomwa na kubebwa na babu zetu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Tukisifu ukuta, tuseme na habari hiyo. Watoto waambiwe yote mawili.

Mwaka 1976 makampuni yakaunganishwa kuwa SOMINKI, nayo ikafa katika miaka ya 1990. Nyumba zikabaki, na familia ndani. Hapo ndipo matata yanapoanza: nyumba ya kampuni iliyokufa, nani ataitengeneza? Huyu anasema, si yangu. Yule anauza bati moja siku ya njaa. Mvua zikipiga, boriti inaoza, mchwa wanafuata.

Tusidhani kwamba sifa inatosha. Kule Zanzibar, UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 ilianguka sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo Waingereza walilifanya ofisi ya serikali.

Basi, baba na mama wa nyumba, mvua kubwa zisiwakute mmelala. Tazameni misumari na mabati. Safisheni mfereji kuzunguka nyumba. Ondoeni vijia vya udongo vya mchwa ukutani. Ukuta uliojengwa kwa udongo ao chokaa usipakwe simenti tupu, kwa maana unyevu unafungiwa ndani na tofali linamomonyoka. Msikubali shimo la dhahabu karibu na msingi. Wanaokaa nyumba moja wapatane juu ya mchango na mtu wa kushika feza, na waandike. Mhubiri, katika Biblia, alikwisha kuona kwamba paa linalovuja na mikono mivivu ni ndugu.

Na jioni moja, mwiteni mzee wa kambi akae barzani, awaambie watoto ni nani aliyechoma matofali yale.