Zulia Halinyooki kwa Kukanyagwa

Zulia lililokaa stoo likiwa limekunjwa, ukilitandika sebuleni, huinua matuta. Wengi hulivuta huku na huku, wakalikanyaga, wakaliwekea kochi, na kesho yake tuta bado liko pale pale. Nguvu peke yake haitoshi, kwa sababu mkunjo umeshikiliwa ndani ya nyuzi zenyewe.

Siri hiyo ilianza kufunuka miaka ya 1930 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Mwanasayansi William Astbury alipiga picha za eksirei za nyuzi za sufu, akaona kwamba picha ya uzi uliolegea haifanani na ya uzi uliolowekwa na kuvutwa. Sufu ni minyororo mirefu ya protini iitwayo keratini. Uzi ukilegea minyororo hujikunja, ukivutwa hunyooka. Baina yake kuna vifungo vingi vya haidrojeni. Kimoja kimoja ni dhaifu, lakini vikiwa vingi hushikilia umbo. Unyevu na joto huvilegeza. Uzi ukikauka na kupoa, vifungo hujifunga upya kwa umbo lile utakalokuwa nalo saa hiyo.

Nywele zetu nazo ni keratini. Ndiyo maana nywele zilizonyooshwa saluni kwa pasi hurudi kujisokota zikinyeshewa mvua.

Kwa hiyo zulia la sufu lipindue, mgongo uwe juu. Nyunyizia maji kidogo kwenye mkunjo, tandika kitambaa chenye unyevu, kisha pitisha pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa bila kukandamiza. Usililoweshe: migongo mingi hufumwa kwa juti, na juti ikilowa sana huweza kuacha madoa ya kahawia.

Mazulia mengi ya bei nafuu, hata hivyo, si ya sufu. Ni ya polipropilini, plastiki ambayo Mwitaliano Giulio Natta aliitengeneza maabarani mwaka 1954, na kazi yake katika fani hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Plastiki hii hainywi maji, kwa hiyo kuinyunyizia hakusaidii. Kinachoilainisha ni joto. Lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba hufika karibu 200. Pasi iweke mbali. Lianike zulia juani juu ya sakafu tambarare, uso chini, hadi lipate joto na kulegea. Kisha liviringishe kinyume cha mkunjo kwa muda mfupi, ulikunjue na kulitandaza.

Kama hujui zulia lako ni la nini, chomoa uzi mmoja pembeni, uushike kwa kibano na kuuchoma nje ya nyumba. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kubakiza majivu yanayosagika vidoleni. Plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kwa aina zote mbili, kazi haijaisha mkunjo unapotoweka machoni. Panga vitabu vizito au mbao juu yake, usiviondoe mpaka sufu ikauke kabisa au plastiki ipoe kabisa. Ukiviondoa mapema, nyuzi zitajifunga zikiwa zimeinuka, na itakubidi uanze upya.